Chungu cha Saga Kwenye Gari la Mkwe

Mtu akinunua gari, watu wote humshauri. Wanamwambia juu ya mafuta, juu ya magurudumu, juu ya fundi gani ni mwizi na fundi gani ni mwizi kidogo. Hakuna hata mmoja anayemwambia juu ya sufuria. Mimi nilijifunza habari za sufuria peke yangu, kwa kuosha zulia la gari mtoni, na ndiyo maana nayaandika haya.

Gari langu ni dogo, jeupe, na lina umri mkubwa kumpita mke wangu. Nalitumia kubeba watu na mizigo kati ya Mayoni na Mumias, na siku ikiwa nzuri nafika nalo Kakamega mjini. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuota ndoto sikuacha. Ndoto yangu ni hoteli inayotembea: nasimama mahali, nafungua buti, watu wananusa, wanakuja wenyewe. Mke wangu husema ndoto hiyo haina kasoro, ila tu mpishi ni mimi.

Basi machache kwanza, kwa faida ya mwenye gari anayependa chakula. Sufuria haiendi kwenye buti, kwa sababu nyuma ndiko kila tuta la barabara hurusha vitu. Mahali pa sufuria ni sakafuni, katikati ya miguu ya abiria, na abiria huyo awe mtu anayeheshimu chakula. Ugali, ambao kwetu tunauita obusuma, ukiufunga ungali moto ndani ya gazeti, halafu ndani ya sweta kuukuu, utafika nao mbali bado unachoma vidole. Samaki wakavu wakikuachia harufu, tia makaa ambayo hayajawashwa ndani ya soksi, soksi iende chini ya kiti, na umwambie mwenye soksi mapema. Maziwa lala, yale yaliyochachuka, yakimwagika, usiseme utaosha kesho. Ukichelewa, kila jua la mchana likiwaka maziwa hayo yatafufuka, na abiria watakuuliza umebeba nini.

Na injini ni jiko. Hapo watu hawaniamini. Viazi vitamu ukivifunga kwa jani la mgomba, juu yake karatasi ya foili, ukavibana juu ya injini mahali ambapo hakuna mkanda unaozunguka, utatoka Mayoni vikiwa vibichi na ukifika Kakamega mjini vinajimenya. Mahindi yanataka safari ndefu zaidi. Mayai usijaribu. Mimi nilijaribu, na fundi akaniuliza kama kuku wangu anatagia humo.

Lakini jaribio kubwa la jiko hilo halikuwa la viazi. Lilikuwa la mboga ya mama mkwe wangu, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba mama mkwe wangu hatajua kamwe ninapika wapi.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, mzima, mwenye sauti ya mtu anayeuza nyanya. Tulirudi nyumbani kwetu Musanda tukiwa na furaha. Kisha mke wangu akakataa kula. Muuguzi alikuwa ametuambia hana ugonjwa wowote, mwili umechoka tu, ale vizuri na anywe vizuri ili maziwa yaje. Lakini kula ndiko kulikuwa kumegoma. Mama yangu alichinja kuku, ingokho nzima kwa heshima ya mzazi, na mke wangu akanywa supu kidogo kama anayeonja dawa, akageukia ukuta. Mimi nikapika uji wa wimbi. Aliutazama.

"Huu ni uji ama umepika mawe?"

"Ni mabonge kidogo. Zunguka kando yake."

Hakuzunguka. Mtoto naye ananyonya, anaacha, analia, halafu ananiangalia mimi kana kwamba mimi ndiye mwenye duka na nimefunga mapema. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikijifanya naangalia mahindi. Mimi moyo wangu ni mwepesi, sijifichi. Mahindi yale niliyaona kwa ukungu.

Niliporudi ndani nikamwuliza, "Niambie tu unataka nini. Hata kama ni kitu cha Nairobi."

"Nataka saga ya mama."

"Saga iko tele Mumias sokoni. Nakuletea sasa hivi."

"Nimesema ya mama."

Kwa ambaye hajui saga, ni ile mboga chungu yenye majani ya vidole. Kila mtu kwetu anaipika, lakini mama mkwe wangu anaipika kwa chungu cha udongo, kwa maziwa, na haipakui siku hiyo. Anaiacha ilale. Kesho anaipasha moto, anaongeza maziwa, anaiacha tena. Uchungu unaisha wenyewe polepole, kama mtu aliyekasirika na hakuna anayembishia. Mke wangu alikua akila hiyo. Nikajua basi, safari ya Lugari, kwao mke wangu, imefika.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na si shida ya barabara. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana mpaka inakuwa kazi. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja anakumbuka ghafla kitu alichosahau upande mwingine. Wakiwa na neno la kuambiana, wanampa mtu wa katikati. Vijana wa mjini siku hizi wanacheka mambo hayo, lakini mama mkwe wangu si wa mjini, na mimi namheshimu. Tangu nimwoe binti yake nilikuwa nimeuona uso wake mara chache sana, tena kwa upande. Mgongo wake naujua vizuri.

Mke wangu alimpigia simu. Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza upande mmoja wa maneno.

"Mama, atakuja kukuchukua... Ndiyo, kwa gari... Yeye mwenyewe, mama, hatuna dereva mwingine... Sasa chungu utakibeba kichwani mpaka Musanda?"

Kisha mke wangu akaanza kulia, si kwa hila, machozi tu ya mtu aliyechoka. Baadaye akaifunika simu kwa kiganja.

"Anasema atakuja kama kukhu anakuja pia. Akae katikati yenu."

Kukhu ni nyanya. Huyu ni nyanya ya mke wangu, mama wa baba mkwe, na kwa mila yetu nyanya ya mke wako ni mtu wa mzaha. Ananiita bwana yangu. Tangu siku ya kwanza alinitangaza kuwa mumewe na mke wangu kuwa mke mwenza, na hajawahi kurudi nyuma.

Niliondoka alfajiri kwa kikombe cha chai. Lugari nilipokewa na kukhu, ameshajifunga leso mpya, ameshika fimbo yake, yuko tayari kama mtu anayeenda harusi yake mwenyewe. Baba mkwe alinisalimia mulembe akarudi kwa ng'ombe zake. Mambo ya wanawake na vyungu aliwaachia wenyewe. Mimi nikaanza kazi niliyokuwa nimeipanga njia nzima. Nilifunga kamba kutoka kishikio cha huku mpaka kishikio cha kule, nikaning'iniza leso mbili, na viti vya nyuma vikatengwa na vya mbele.

Kukhu alichungulia ndani.

"Bwana yangu, hii ni gari ama ni bafu?"

"Ni heshima, kukhu."

"Heshima inaona nyuma?"

Haikuwa inaona nyuma. Kioo cha ndani kilinionyesha maua ya leso peke yake. Nikasema nitatumia vioo vya pembeni. Kwa mwenye gari, huo si ushauri. Usifunge pazia kwenye gari. Mimi nilifunga kwa sababu nilikuwa na mama mkwe.

Alitoka nyumbani akitembea upande upande, uso ameugeuzia boma, chungu amekikumbatia. Kilikuwa kimekaliwa na mfuniko wa udongo, na mfuniko umefungwa kwa mpira mrefu uliokatwa kwenye blada ya tairi, ule wanaofungia mizigo ya bodaboda. Aliingia nyuma, akaweka ngata sakafuni, akakikalisha chungu juu ya ngata, akakibana kwa miguu yote miwili. Nilitamani kumpongeza. Ndivyo chungu kinavyokaa ndani ya gari, na hakuna aliyemfundisha.

Tukaondoka, kukhu mbele kando yangu, pazia nyuma yetu.

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya leso, ya chini sana, "mwambie dereva apunguze kwa matuta."

"Bwana yangu," akasema kukhu, "anasema unaendesha kama umeiba."

"Mama, sikusema hivyo. Mwambie dereva sikusema hivyo."

"Anasema hakusema hivyo. Lakini aliwaza."

"Kukhu, mwambie mama nimesikia, nitapunguza."

"Anasema amesikia. Anasema pia wewe ni mzito, ndiyo gari inalala upande."

"Kukhu, sikusema hivyo."

"Nyamazeni nyote. Mimi ndiye niko katikati, najua mnachosema."

Hivyo ndivyo tulivyopita Malava. Nyuma harufu ya saga na maziwa ilianza kupenya pazia, na tumbo langu, lenye chai peke yake, likatoa sauti ambayo gari zima lilisikia. Kukhu aliligonga kwa kidole.

"Huyu hajala."

Mama mkwe hawezi kumlisha mkwe wake mbele ya macho yake, na mimi siwezi kutafuna akinisikia. Lakini mama ni mama. Baada ya muda sikusikia neno, nilisikia karatasi ikikunjuliwa, na ndizi moja mbivu ikapitishwa chini ya pazia mpaka kwa kukhu.

"Ni yangu au ni yake?" kukhu akauliza.

"Mama, mimi nimeweka tu hapo."

Kukhu aliimenya, akaila. Akaniambia ilikuwa tamu.

Nilikuwa nacheka nilipoona mshale wa joto umepanda mpaka mahali ambapo haujawahi kufika. Kisha boneti ikaanza kupumua mvuke mweupe pembeni. Nikaegesha kando ya barabara, shamba la miwa huku na boma la watu kule, nikashuka. Nilipofungua boneti mvuke ulinifunika uso wote.

Mimi ndiye mtu ambaye huwaambia abiria wangu wote: gari likichemka, usiguse kifuniko cha rejeta mpaka lipoe kabisa. Nimesema hivyo sokoni, nimesema kanisani. Siku hiyo sikukumbuka. Nilichokuwa nakiona ni mke wangu akigeukia ukuta, na saa zikienda, na mtoto akilia kwa duka lililofungwa. Nilifunga kitambaa mkononi nikakishika kifuniko.

"Wacha. Usifungue hiyo. Itakuchoma uso."

Mkono wangu ukasimama. Sauti haikuwa ya kukhu. Niligeuka bila kufikiri, na mama mkwe wangu alikuwa amesimama hapo, nje ya gari, nje ya pazia, ananitazama machoni. Macho yake ni yale yale ya mke wangu. Sikuwa nikijua.

"Hata sufuria ikilia hivyo hufungui," alisema, na katikati ya neno la mwisho akakumbuka anaongea na nani. Alivuta leso akajifunika uso wote, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga mlango. Mimi nikageukia miwa. Tukabaki hivyo, kila mmoja na upande wake wa dunia, injini ikichemka katikati.

Kuna nyumba ambazo jambo kama hilo lingeitisha wazee, na kuku wa kutakasia. Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi kama mtu anayetaka kulia, na mimi nilikuwa na hofu moja tu: kwamba sasa ataona aibu, atasema arudishwe Lugari, na mke wangu atabaki na uji wangu wa mawe.

Kukhu aliteremka polepole, mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili. Alituangalia sisi wote wawili.

"Kuna nini?"

Mimi nikahesabu miwa, mama mkwe akazidi kuvuta leso.

"Mimi sikuona mtu akiongea na mkwe. Nimeona mwanamke akigombeza gari. Gari lina mkwe? Gari halina mkwe." Akaipiga tairi kwa fimbo. "Mtu akiongea na gari, ni kosa la nani?"

Kisha, chini ya leso, sauti ikatoka, ngumu na ya aibu.

"Gari, kaa kwanza upoe."

"Gari linasema sawa, mama," nikajibu, nikiangalia miwa.

"Unaona?" alisema kukhu. "Na mimi nimepumzika kusema uongo."

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Gari lilipopoa nilipata kosa lenyewe: paipu ya maji, ile ya mpira inayotoka kwenye rejeta, ilikuwa imepasuka mstari mdogo. Maji tungepata, mama wa lile boma la karibu alishatuletea mtungi na maswali. Lakini paipu ilihitaji kufungwa kwa kitu kinachobana, kitu cha mpira, na mpira ninaobebanga kwenye buti nilikuwa nimemwachia jirani afungie magunia yake. Nilipekua buti lote. Nikasimama. Wote watatu tukawa tunawaza kitu kimoja bila kukitaja.

"Gari," mama mkwe alisema baadaye, "ule mpira ndio unashika mfuniko wa chungu."

"Gari linajua, mama. Gari linaona haya kuomba."

"Bila mpira mboga itamwagika kabla hatujafika Mumias."

"Na bila paipu hatufiki Mumias, mama."

Alifikiri. Niliona kivuli chake kikienda mlangoni, kikainama. Aliporudi alimpa kukhu ule mpira, na kukhu akanirushia. Niliizungushia paipu mpaka ikawa kama mkono uliofungwa bandeji, nikajaza maji, nikawasha. Ikashika.

Chungu sasa kilikuwa wazi. Mama wa boma, ambaye alikuwa ameketi kabisa kuangalia, alileta majani ya mgomba bila kuulizwa, na mama mkwe akayapitisha juu ya moto wa jikoni mwa mwenye boma yakalainika. Akapakua saga yote kwenye majani, akayakunja, akayafunga kwa kamba za mgomba: mafungu mawili makubwa na moja dogo.

"Itapoa," alisema. Hakuwa anaambia gari wala mtu. "Ya maziwa ikipoa hapa katikati inakataa, inapoteza ladha. Mtoto wangu ataigusa baridi, atasema si ile."

Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa linaniaibisha. Kitu ambacho niliapa hatakijua kilikuwa hapo mbele yake, kimefunguliwa boneti, na juu yake bado kulikuwa na ganda la kiazi la juzi.

"Mama," nikasema, "gari linasema lina jiko."

"Gari, wewe unajua kupika?"

"Linasema linajuanga viazi tu. Lakini kupasha halishindwi."

"Na mafuta yanayonuka?"

"Kuna foili, mama. Tunafunga juu ya jani. Mafuta hayaingii."

Kukhu alikuwa ameshika mdomo.

"Kwa hiyo viazi ambavyo mtoto wangu alikuwa ananiambia mume wake anampikia," mama mkwe alisema polepole, "ndivyo hivi?"

"Ndivyo, mama."

Nikafikiri sasa nimekwisha. Boneti ilikuwa imeinuliwa kati yetu, sikuona uso wake. Nilichosikia kilianza kama kikohozi. Kisha nikaelewa kwamba anacheka, na anajizuia, na kujizuia kunamshinda. Kukhu akadakia, mama wa boma akadakia, na mimi nikawa mtu pekee ambaye hacheki, kwa sababu nilikuwa nashikilia foili.

Tulipanga mafungu juu ya injini kwa amri zake, yeye upande mmoja wa boneti, mimi upande mwingine. Gari, sogeza kulia. Gari, hilo dogo litaungua hapo. Gari, bana vizuri, barabara yenu ya Musanda nimesikia habari zake. Nimepika kwa injini siku nyingi, lakini siku hiyo ndiyo niliyofundishwa: fungu zito liende karibu na mahali penye moto, jani mara mbili, na kamba isiwe ya plastiki. Haya yaandikeni.

Safari iliyobaki alilisemesha gari mwendo wote. Gari, angalia mbuzi. Gari, huyo wa bodaboda hakuoni. Mumias tulipita watu wakitoka msikitini, na gari likaambiwa lisipige honi. Pazia lilikuwa bado pale, lakini alikuwa amelisogeza kidogo ili aone barabara, na sikuthubutu kusema kwamba sasa hata kioo changu kinaona. Niliendesha kwa upole kama mtu aliyebeba mayai. Mawazo yangu yote yalikuwa mbele: kama ataikataa na hii, hakuna kingine ninachokijua.

Tulipofika, mama mkwe hakusubiri. Alitaka boneti ifunguliwe kabla sijazima vizuri. Mafungu yalikuwa moto, yanatoa mvuke wa maziwa, na harufu ya injini kidogo, siwezi kudanganya. Alichukua fungu kubwa kwa pembe ya leso akaingia ndani kwa mtoto wake. Mama yangu alitoka na sahani za kuosha, akatuacha.

Mimi sikuweza kuingia. Nyumba yetu ni ya chumba kimoja na nusu. Akiwa ndani mama mkwe, mkwe anabaki nje. Nikaketi kwenye kizingiti, mgongo kwa mlango, na kukhu, aliyechelewa kutoka garini, akaja kuketi kwenye kigoda kando ya ukuta. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu.

Kwanza nikasikia kilio, cha wote wawili. Kisha maneno kuhusu mtoto: anafanana na nani, pua ni ya upande gani, jibu likawa upande wa Lugari. Kisha jani likikunjuliwa.

"Inanuka gari," sauti ya mke wangu ilisema.

"Ndiyo. Kula."

Niliangalia vidole vyangu. Vilikuwa vyeusi kwa mafuta. Halafu nikasikia kijiko. Kijiko kikigusa jani hakina sauti kubwa, lakini ukikisubiri unakisikia. Kikagusa tena. Kikaanza kwenda haraka, na mke wangu akasema kitu mdomo ukiwa umejaa, na mama yake akamwambia pole pole, hakuna anayekunyang'anya. Mtoto alilia kidogo, akawekwa kifuani, akanyamaza.

Sikugeuka. Nilikuwa nimejishika magoti yote mawili.

"Mama," mke wangu akaita, "iko ingine?"

"Iko. Iko kwenye gari, mafungu mawili."

Niligeuza kichwa kuelekea gari, boneti wazi, injini tupu. Halafu nikageuka kwa kukhu. Alikuwa amefungua fungu dogo na la pili pia, yote kwenye mapaja yake, na shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Nilikuwa naonja," alisema.

"Kukhu."

"Huyo ni mke mwenza. Mimi nilisafiri, yeye alikuwa analala." Lakini aliutazama mlango, akasikiliza kijiko kikikwangua jani tupu, na uso wake wote ukalegea. Alilikunja lile fungu kubwa, bado limejaa zaidi ya nusu, akalisukuma mikononi mwangu. "Peleka. Upesi."

"Siwezi kuingia."

"Nani amekuambia uingie?"

Nikasimama, mgongo kwa mlango. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kisigino kikagusa kizingiti, nikapeleka mikono yote miwili nyuma yangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikiwa nimelishika fungu moto na macho yangu yako kwa gari. Nilisubiri hivyo, nikihisi joto la jani kwenye viganja.

"Gari," nikasikia kwa karibu sana, kwa sauti ya chini, "asante."

Na mikono ikalipokea.